Kanga Sitahani, Kitenge Mezani

Wazee wetu wametuachia methali mbili zisizopatana, na mtu akifungua sanduku la nguo kujitayarisha kwa safari huzisikia zote mbili zikimnong'oneza. Ya kwanza husema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ya pili husema, mwacha asili ni mtumwa. Nilifundisha methali katika shule za msingi kwa miaka 31, na haukupita mwaka bila mtoto mmoja kuinua mkono na kuuliza: Mwalimu, sasa tufuate ipi? Nilikuwa nikimjibu kwamba kila moja ina mahali pake. Jibu hilo lilitosha darasani. Halikutosha siku binti yangu aliponikabidhi orodha ya nguo za kuvaa melini.

Niseme kwanza meli hiyo ilikuwa ya namna gani, kwa kuwa sisi watu wa pwani tukisikia meli tunafikiria chombo cha kumtoa mtu hapa na kumfikisha kule. Hii haikuwa na kule. Iling'oa nanga Galveston, Texas, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Houston, Jumatatu moja ya Februari 2019. Ikakata Ghuba ya Meksiko hadi kisiwa cha Cozumel, ikagusa Progreso, penye gati linaloingia baharini zaidi ya kilomita 6, kisha ikaturudisha Galveston Jumamosi asubuhi. Watu zaidi ya 2,000 walitoa fedha zao ili waondoke mahali na kurudi mahali hapohapo. Marehemu mama yangu angekuwa hai ningepata taabu kumweleza.

Binti yangu ni muuguzi huko Houston. Yeye na wenzake wanne wa wodi moja waliweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya matembezi hayo, kila mmoja na jamaa zake. Yeye alinichukua mimi, niliyekuwa nimekwenda kumtazama, pamoja na binti yake wa miaka 9. Mezani tulikuwa watu 10. Hili la wenzake wa kazini naomba msomaji alishike, maana ndilo lililokuwa ndani ya ile orodha ya nguo ingawa halikuandikwa.

Orodha yenyewe ilikuwa fupi. Mchana, vaa upendavyo. Jioni, nguo za kawaida lakini nadhifu. Usiku mmoja tu, wa pili, nguo za kupendeza. Meli za siku hizi hujisifu kwamba hazimbani mtu, na kwa kweli hazimbani sana: mwanamume huingia ukumbi wa chakula cha jioni na suruali ndefu na shati lenye ukosi, hata jinzi ikiwa haikuchanika, mwanamke na gauni, sketi, au suruali na blauzi. Visivyoingia ni kaptura za michezo, fulana zisizo na mikono, chepeo, ndala, na nguo za kuogelea. Hata usiku wa kupendeza tai si lazima. Na asiyetaka kujipamba kabisa hafukuzwi. Huelekezwa juu, kwenye bafe, akale huko na kaptura yake. Hapo nikaelewa kwamba swali la utavaa nini na swali la utakula wapi ni swali moja.

Haikuwa hivi tangu zamani. Katika meli za abiria zilizokuwa zikija kwetu kutoka London, kama zile mbili za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi 1951 na 1952, tiketi ndiyo iliyoamua utakula wapi na akina nani, na daraja la kwanza lilikuwa na nguo zake za jioni. Meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika, ambayo niliipanda nilipopangiwa kazi kusini ya Kigoma miaka ya sabini, nayo ilikuwa na madaraja matatu. Sisi wa daraja la tatu tulivaa nguo ileile siku mbili na tulikula tulichobeba, au tulichonunua kwa watu waliokuja na mitumbwi ubavuni mwa meli kila iliposimama. Sikuona wakati huo kama kuna la kulalamikia. Dagaa wale walikuwa wazuri. Meli za matembezi zilianza kulegeza kamba kidogo kidogo, hadi mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ikaondoa ile desturi ya kila mtu kupangiwa saa yake na meza yake, na nyingine zikafuata kwa namna zao. Zipo bado zinazoshika ukale: Queen Mary 2 ya Cunard, iliyoanza kusafiri 2004, ina usiku wake wa suti nyeusi na magauni marefu mpaka leo. Nasikia wanaoipenda huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nina mambo machache ya kumwambia anayekwenda mara ya kwanza, kisha niingie kwenye langu. Sanduku lako utalikabidhi kwa wapagazi bandarini, na huenda usilione mlangoni pa chumba chako hadi usiku. Kwa hiyo usiku wa kwanza hakuna anayemcheka mwenzake kwa mavazi, maana wengi wanakula na nguo walizojia. Dawa zako na nguo ya kubadili viwe katika mkoba wa begani. La pili ni baridi. Nje jua, ndani mitambo ya kupoza hewa imefunguliwa kana kwamba abiria ni samaki wa kuhifadhiwa. Wanawake wenye mabega wazi walikuwa wakijikunyata mezani na kujifunika vitambaa vya mikono. Mimi nilikuwa na kanga.

Kanga ilinifaa melini kuliko kitu chochote nilichobeba. Asubuhi niliijitanda na kukaa sitahani kutazama maji. Mjukuu akitoka bwawani ndiyo aliyojifutia, kisha akajifunga nayo tukapanda kula. Usiku ilikuwa shuka la pili. Katika duka la meli waliuza kitambaa chembamba cha kujifunga kiunoni, kisicho na pindo wala maneno, kwa bei ambayo Tanga ungerudi nyumbani na doti tatu na nauli.

Na kanga hiyo ndiyo iliyonipa mwenyeji. Jumanne asubuhi, siku ya bahari tupu, nilikuwa nimeketi upande wenye kivuli. Kijana mmoja aliyekuwa akikusanya taulo alinipita, akarudi, akasimama mbele yangu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mama."

Nilikaa kidogo kabla ya kuitikia. Nilikuwa sijaamkiwa hivyo na mtu wa nje tangu nishuke ndege.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Likoni, mama. Nimeona kanga."

Tulizungumza dakika tano, yeye mikono ikiendelea kukunja taulo, kwani hakuruhusiwa kusimama bure. Alikuwa katika mwezi wa saba wa mkataba wa miezi tisa. Kazi ni siku saba kwa wiki. Nilimuuliza anakula wapi. Akacheka, akaelekeza kidole chini, kwenye sakafu. Wafanyakazi wana ukumbi wao huko, chini ya vyumba vyetu, na wali haukosekani kwa sababu Wafilipino na Waindonesia ndio wengi. Nikamwambia aje ale nasi usiku mmoja, kwa desturi tu ya ulimi, kama mtu wa kwetu anavyosema karibu akiwa na sahani mbele yake. Alinishukuru kwa heshima zote. Wote wawili tulijua kwamba haiwezekani.

Kifuani alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake na chini yake neno Kenya. Baada ya hapo nilianza kusoma vibao hivyo kila nilipopita: Ufilipino, India, Indonesia, Peru, Serbia. Msomaji, nilizunguka meli nzima. Abiria walivaa fulana za timu zao, za makanisa yao, za siku za kuzaliwa za shangazi zao, na mmoja alivaa fulana yenye picha ya mbwa wake. Mwenye ruhusa ya kuvaa apendavyo ni aliyelipa. Anayelipwa huvaa alichopewa, na juu yake huandikwa ametoka wapi. Sisemi kwamba ni dhuluma. Kijana alisema mwenyewe kwamba kazi ile inasomesha wadogo zake wawili. Nasema tu kwamba jambo hilo lilikaa nami, na lilikuwa bado limekaa jioni ilipofika na zamu ya kuvaa nguo za kupendeza.

Kabla ya hiyo jioni, niseme juu ya milo. Bafe iko sitaha ya juu, karibu na bwawa, na hufunguliwa karibu mchana kutwa. Ni mahali pazuri pa kunywa chai alfajiri kabla watu hawajaamka. Baadaye huwa soko. Mlangoni husimama mtu wa kunyunyizia watu dawa mikononi, kwa kuhofia ugonjwa wa kuhara na kutapika ambao ukiingia melini husambaa kama moto wa nyasi. Binti yangu, kwa uuguzi wake, alitukataza kuitegemea: kirusi hicho, kinachoitwa norovirusi, hakiogopi sana dawa ya kupaka, kinataka maji na sabuni. Nilifurahi kusikia sayansi imefika pale alipokuwa bibi yangu na birika lake la kunawia. Nilichoshindwa kukizoea kwenye bafe ni sahani zinazojazwa kilima na kuachwa nusu. Mtoto anayelelewa Uswahilini angepigwa jicho moja tu.

Pako pia chumba cha nyama za kuchoma ambacho hulipiwa zaidi. Sikwenda.

Ukumbi mkubwa wa jioni ndio nilioupenda. Unaketi, unaandikiwa unachotaka: kitu cha kuanzia, chakula chenyewe, kitamu cha kumalizia, na ukitaka vianzio viwili hakuna anayekuongezea bei. Kwa asiyekula nguruwe wala vyenye pombe, dawa ni kusema usiku wa kwanza. Mhudumu wetu alikuwa akiniletea orodha ya kesho yake kila tulipomaliza kula, nikachagua mapema, na wapishi wakajua. Nilikula samaki siku tano na sikujuta.

Usiku wa kwanza nilipoketi nilitazama mezani nikaona vyombo vimepangwa, uma mbili kushoto, visu kulia, kijiko cha supu pembeni, na mikono yangu ikajua pa kuanzia bila kuuliza. Mmoja wa wauguzi alimnong'oneza binti yangu kitu, naye akatabasamu. Walidhani nimefundishwa na yeye. Nilifundishwa na baba yangu.

Baba alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Tanga zama za mkonge. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu kichwani, na miguu mitupu. Nguo hizo hazikuwa zake. Aliziacha hotelini kila usiku akarudi nyumbani na shati lake na msuli wake. Wageni nao walibanwa: hoteli ilitaka tai na koti usiku, katika joto la Tanga la Februari, na baba alisema ungeweza kuwaona wakichuruzika jasho hadi kwenye supu. Nyumbani alitupangia vijiko na vijiti juu ya mkeka, akatufundisha ni kipi huanza na kipi hufuata. Mama alimuuliza watoto hawa watakwenda kula wapi na mambo hayo. Baba hakujibu. Aliendelea kupanga. Katika miaka yote aliyohudumia ukumbi ule hakuwahi kukaa kwenye kiti chake kimoja, na hata baada ya Uhuru wa 1961, alipokuwa na haki ya kuingia kama mtu yeyote, hakwenda. Alisema amekwisha kuziona meza zile upande wa chini na upande wa juu.

Jumanne hiyo basi, saa kumi na moja jioni, binti yangu alinitandikia kitandani gauni aliloninunulia: jeusi, refu, la kitambaa kinachong'aa, na mtandio wake mweusi wa kusitiri mabega. Alikuwa amelipa fedha nzuri, na alikuwa amekumbuka mtandio. Mimi nilikuwa nimeshatoa sandukuni gauni langu la kitenge, la kijani na njano, alilonishonea fundi wangu wa Ngamiani, na ushungi wake wa kitambaa hichohicho.

Alikaa kitandani karibu na lile jeusi.

"Mama, hilo ni zuri. Lakini watauliza maswali."

"Waniulize. Kiingereza nilikifundisha."

"Hawatakuuliza wewe. Wewe unarudi Tanga. Wataniuliza mimi, Jumatatu, na Jumatatu nyingine, na nyingine."

Mjukuu wangu alikuwa akitazama televisheni bila kuitazama. Kwa muda nilisikia mitambo ya meli tu. Nilitaka kumwambia mwanangu methali yangu ya pili, na ulimi ulikwisha kuinuka, lakini nilimtazama nikaona mtu aliyeishi miaka 14 akijibu kila siku jina lako hutamkwaje, unatoka wapi, hapana, unatoka wapi hasa. Kibao anacho kifuani, na cha kwake hakivuliwi zamu ikiisha. Alitaka siku tano za kuwa abiria kama abiria wengine. Wala si kwamba alinionea haya. Mimi mama yake, haya ya mwanangu naijua sura yake, na ile haikuwa hiyo. Ulikuwa uchovu.

Hata hivyo nilivaa kitenge. Nilimwambia hivi: baba yangu alivaa nguo ya watu wengine miaka yote ndani ya ukumbi kama ule, na mimi siku moja niliyoalikwa kukaa kitini nitakaa na nguo niliyoichagua mwenyewe. Hakunibishia. Alilikunja lile gauni jeusi taratibu na kulirudisha katika mfuko wake, risiti ikiwa ndani. Yeye mwenyewe alivaa jeusi, lake, na alipendeza kuliko wote mezani, nami nilimwambia hivyo.

Maswali yalikuja kweli. Walitaka kujua kitambaa kinaitwaje, na kama ushungi ule ni wa dini au wa sherehe. Nikawajibu, wa vyote viwili. Mume wa muuguzi mmoja, mtu wa makamo wa Texas aliyevaa suti na viatu vya ngozi vya wachunga ng'ombe, aliniambia kwamba mkewe amemlazimisha avae suti na ananionea wivu. Picha zilipigwa nyingi. Binti yangu alijibu sehemu yake ya maswali, akicheka panapochekesha, na mara moja chini ya meza nilisikia mkono wake ukiugusa wangu. Kama ilikuwa ni kunishukuru au kunizuia nisiendelee kusimulia, sikuuliza. Mhudumu wetu, kibao chake kikisema Indonesia, alipokuja kuchukua sahani alisimama kidogo, akasema kitambaa changu kinamkumbusha batiki ya mama yake. Usiku mzima huo ndiyo mara pekee aliyosema neno lisilohusu chakula.

Siku zilizobaki nilivaa kawaida kama watu wote, dira na kanga, na hakuna aliyeuliza tena. Bakshishi yao hukatwa moja kwa moja katika hesabu ya kila abiria kwa siku, hata ya mtoto. Lakini kijana wa Likoni nilimwekea ya kwake mkononi, akakataa, nikamkazia macho ya ualimu, akapokea.

Usiku wa mwisho masanduku hutolewa koridoni kabla ya saa sita, yafungwe vitambulisho, nawe ubaki na ulichovaa. Huwa wapo wanaosahau wakapakia kila kitu, wakashuka bandarini asubuhi na nguo za kulalia. Binti yangu alipakia ya wote watatu, haraka haraka kama watu wa kazi yake walivyo. Ilipobaki ile kanga aliipima kwa mikono, pande mbili. Moja aliiweka kwenye kiti, kwa ajili ya mabega yangu, kwa kuwa Galveston kulikuwa na ukungu na baridi. Nyingine akaisukuma ndani ya mkoba wake wa kazini.

"Hii niachie, Mama," alisema bila kugeuka. "Zamu ya usiku wodini kuna baridi."